Kalamu ya Mapenzi Iliyookoa Watu
Nawavulia kofia waandishi wa riwaya za mapenzi za Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908. Msomaji anajua mapema kwamba wapenzi wawili wa hadithi wataoana. Kinachomkesha ni vikwazo vya njiani. Kumshika namna hiyo, kitabu baada ya kitabu, ni ufundi hasa.

Ninayempenda zaidi ni Ida Cook, aliyeandika kwa jina la Mary Burchell. Kwa pesa za riwaya hizo, yeye na dada yake Louise waliwaokoa watu 29 kutoka mikononi mwa Wanazi. Walikwenda Ujerumani kama wapenzi wa opera, ambao kweli walikuwa, wakarudi Uingereza wamevaa makoti ya manyoya ya wakimbizi, yameshonewa lebo za maduka ya London.