Zimeshajuana, lakini faili halipiti

Kijana wa jirani yangu hapa Nguba, mjini Bukavu, Kongo, alibisha hodi saa moja jioni, umeme ukiwa umekatika tangu adhuhuri. Mkono mmoja ulishika simu, mwingine laptopu, na usoni ilisomeka kwamba kazi ya mwisho ya masomo inatakiwa kesho asubuhi. "Papa," akaniambia, "zimeshajuana, lakini fichier haipite." Ndani ya simu kulikuwa na picha 38 za kurasa alizopiga maktabani. Alikuwa amekaa tangu saa kumi akijaribu kuzivusha kwenda kwenye laptopu iliyo umbali wa shubiri moja.

Swali la kwanza la mtu yeyote ni hili: kebo iko wapi? Ilikuwepo. Ila ilikuwa moja ya zile kebo za bei rahisi zenye nyaya mbili za umeme tu, bila nyaya za data. Inachaji vizuri, lakini ukiichomeka kwenye laptopu hakuna kinachoonekana. Njia ya pili, kujitumia picha kwa WhatsApp, haikufaa: zikienda kama hati zingemla mara mbili, megabaiti 95 za kupandisha na nyingine 95 za kushusha, kwenye forfait (kifurushi cha data) iliyobaki kidogo; zikienda kama picha za kawaida zingebanwa hadi maandishi yafifie. Ikabaki Bluetooth. Laptopu yake ni ThinkPad T460 ya mtumba, yenye kibodi ya AZERTY, na ndani yake kuna Linux ya Debian 11.

Alichosema kijana kilikuwa sahihi neno kwa neno, na ndicho kinachostahili kuchambuliwa. Menyu za simu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huita hatua hiyo kuoanisha. Neno tamu, lakini linapotosha kidogo, kwa sababu msikilizaji hudhani vifaa vikishaoana vinaishi nyumba moja. Katika Bluetooth, kuoanisha ni kupeana ufunguo tu. Namba ya tarakimu sita hutokea kwenye skrini zote mbili, kila upande unakubali, kisha kila kifaa kinaweka nakala ya ufunguo mahali pake. Kwenye Linux hukaa chini ya /var/lib/bluetooth. Basi. Hakuna faili lililopita wala intaneti iliyofunguka. Huduma ni shauri lingine, na kila huduma ina mlango wake.

Nilimwambia afungue terminali, aandike bluetoothctl, halafu info ikifuatiwa na anwani ya simu yake. Skrini ikajibu: Paired: yes. Trusted: no. Connected: no. Chini yake ikafuata safu ya mistari inayoanza na UUID: OBEX Object Push, Audio Source, NAP, Phonebook Access Server, Message Access Server. Hiyo ni simu inatangaza inachotoa: kutuma na kupokea mafaili, muziki, mtandao, majina ya watu, ujumbe mfupi. Ni kama ubao wa mgahawa ulioandikwa bugali, sombe na sambaza. Yeye alikuwa ameusoma ubao na kukaa akisubiri sahani bila kuagiza.

Kumbe alikuwa akiandika connect. Hapo ndipo wengi hukwama. Amri hiyo, ikiachwa peke yake, huiambia laptopu ijaribu huduma zote ambazo pande mbili zinaweza kuzishika kwa wakati huo. Kwa simu, mara nyingi hiyo ni sauti: simu inataka kuigeuza laptopu kuwa spika. Kama programu ya sauti ya laptopu haina kipande cha Bluetooth, unganisho linawaka na kuzima papo hapo: Connected: yes, na kabla hujapumua, Connected: no. Matoleo mapya ya BlueZ, programu inayobeba Bluetooth ndani ya Linux, yanaeleza sababu kwa maneno marefu, br-connection-profile-unavailable, yaani huduma iliyotakiwa haipatikani. La kijana lilikuwa la zamani zaidi, likasema Failed tu. Akaona Failed, akafuta simu, akaoanisha upya, mara tano. Kila mara kuoanisha kulifaulu, kwa sababu hakukuwa na kasoro hapo tangu mwanzo.

Faili halihitaji connect. Linapita kwa itifaki ya OBEX, na upande wa laptopu lazima kuwe na programu iliyokaa mlangoni kulipokea, iitwayo obexd. Katika GNOME, mazingira aliyokuwa akitumia, kuna sharti ambalo mtu hawezi kulikisia: laptopu inapokea mafaili ya Bluetooth pale tu ukurasa wa Bluetooth katika mipangilio unapokuwa umefunguliwa. Ukifunga dirisha, mlango umefungwa, na simu itaandika kwamba faili limekataliwa. Kwa usalama si jambo baya. Kwa binadamu wa kawaida ni kitendawili. Wanaotumia Linux Mint wana nafuu, maana tangu toleo la 21 la mwaka 2022 inakuja na Blueman, ambayo hukaa kwenye upau na kuuliza wazi: unakubali faili hili au hapana?

Basi akafungua ukurasa ule, akauacha wazi, akachagua picha zote 38 kwenye simu na kuzituma. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa.

Wakati unatambaa nirudi nyuma wiki mbili, kwa sababu laptopu hiyohiyo iliwahi kunijia ikiwa haina Bluetooth kabisa. Kitufe cha kuwasha kilikuwepo lakini hakikuwaka. Hapo hakuna maana ya kuzungumza juu ya kuoanisha, redio yenyewe imekufa au imelala. Mimi huanza na rfkill list, maana mara nyingine swichi ya programu imezimwa bila mtu kujua, na rfkill unblock bluetooth inamaliza kesi. Haikuwa hivyo. lsusb ilionyesha kifaa 8087:0a2b, yaani chipu ya Intel ipo na kompyuta inaiona. Nilipopekua ujumbe wa kerneli, kiini cha Linux, kwa dmesg, jibu likawa pale: ilitafuta faili intel/ibt-11-5.sfi, ikalikosa, na mwishoni ikaweka namba -2, ambayo kwa lugha ya Linux maana yake faili halipo.

Chipu za namna hii huamka tupu. Kila unapowasha mashine, kerneli inapaswa kuzimiminia programu yao ya ndani, na programu hiyo ni mali ya mtengenezaji, si programu huria. Debian kwa miaka mingi iliiweka kando, nje ya diski rasmi ya kusakinishia, kwa msimamo wa kanuni. Mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura kubadili hilo, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ikawa ya kwanza kuja nayo ndani. Kijana alikuwa na 11. Nauheshimu msimamo ule wa zamani, lakini katika mji ambao mtu analipia kila megabaiti, kumpa mwanafunzi mfumo usioweza kuwasha Wi-Fi wala Bluetooth ili akatafute dawa kwenye intaneti ni kumfungia ufunguo ndani ya sanduku. Tulileta kifurushi firmware-iwlwifi kwa flashi, tukakisakinisha, tukazima mashine kabisa na kuiwasha tena. Redio ikaamka.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo kwa nje, nao umeenea kwa wenye Windows na Linux kwenye laptopu moja. Simu inaona laptopu ni ileile, anwani ni ileile, ila Windows na Linux kila moja ina ufunguo wake. Ukioanisha upande mmoja, ufunguo wa upande wa pili unakuwa batili. Dalili yake ni simu kusisitiza kwamba zimeoana huku laptopu ikikana. Futa kwenye simu na kwenye laptopu, uanze upya. Kufuta kwenye kifaa kimoja tu hakusaidii kitu.

Vijana wanaolalamika leo hawakuonja ya zamani. BlueZ ilianzia kwa Qualcomm na kutolewa mwaka 2001, na kwa miaka mingi kuunganisha simu ilikuwa kazi ya mikono. Ulitafuta kwa sdptool mlango namba ngapi wa simu unatoa huduma ya modemu, ukaandika namba hiyo kwenye rfcomm.conf, ukapata /dev/rfcomm0, ukaiambia wvdial ipige *99# kama mtu anayepiga simu ya kawaida. PIN ilikuwa 1234 au 0000. Namba ya tarakimu sita tunayoiona leo ililetwa na Bluetooth 2.1 ya mwaka 2007. Kisha Desemba 2012 ikaja BlueZ 5, ikavunja mpangilio wa zamani, na zana kama hcitool zikaanza kuzeeka. Maelekezo mengi yanayozunguka bado ni ya enzi ya kabla ya hapo. Ukikutana na hcid.conf au wvdial, ujue unasoma ya kale. Simu za Android kwa kawaida hazitoi tena modemu ya namna hiyo.

Zinachotoa ni NAP, ule mstari wa tatu kwenye orodha ya kijana. Kwa intaneti, agizo huanzia kwenye simu. Simu nyingi hapa mjini zimewekwa Kifaransa, kwa hiyo tafuta Partage de connexion, kisha washa ile ya Bluetooth, si ile ya Wi-Fi. Halafu kwenye laptopu andika nmcli device. Simu itaonekana kama kifaa cha aina ya bt, na jina lake ni anwani yake. nmcli device connect pamoja na anwani hiyo, na njia inafunguka kupitia bnep0. Jambo moja la kuangalia: NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye Linux, huipa Wi-Fi uzito wa 600 na Bluetooth 750, na namba ndogo ndiyo inayopita mbele. Ukibaki umeshika Wi-Fi ya mtu, data zako zitaelekea huko hata kama simu imeunganishwa. Zima Wi-Fi kwanza.

Kwa nini ujisumbue wakati hotspot ya Wi-Fi ina kasi zaidi? Kwa sababu ya betri. Hotspot inaichemsha simu na kuimaliza. Bluetooth inakula kidogo. Bwawa la Ruzizi I, linalozalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, liko jirani kabisa nasi, na bado délestage, yaani mgao wa umeme, inatukuta mezani. Siku ya namna hiyo asilimia za betri ya simu ni sawa na mafuta ya taa. Ila usidanganyike kwamba polepole ni kubana matumizi. Bluetooth ya kawaida hupitisha kiasi cha kilobaiti 200 kwa sekunde, na hiyo ni zaidi ya megabaiti 700 kwa saa. Masasisho ya mfumo yakijianzisha nyuma ya mgongo wako, forfait itaondoka taratibu lakini itaondoka. Weka alama kwenye unganisho hilo, nmcli connection modify na jina lake, kisha connection.metered yes, ili programu zenye adabu zijizuie. Na kwa sisi tulio karibu na mpaka, angalia juu ya skrini kabla ya kushiriki mtandao: simu inaweza kuwa imeshika mnara wa upande wa Rwanda, na bei si ileile.

Lakini kwa mafaili, Bluetooth haiombi ruhusa kwa kampuni yoyote ya simu. Baada ya uchaguzi wa Kongo wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa karibu siku 20, na ujumbe mfupi nao ukafungwa. Simu zilizokaa mezani karibu karibu ziliendelea kupeana picha na nyimbo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Picha za kijana zilimaliza kupita kwa dakika tisa, zote 38, kwenye folda ya Téléchargements. Alitaka kuondoka hapohapo. Nikamzuia, nikamwambia arudi kwenye bluetoothctl aandike trust, ili kesho simu yake isiombe kibali kila mara, kisha discoverable off. BlueZ hujificha yenyewe baada ya sekunde 180, ila ukurasa ule wa GNOME ukiwa wazi laptopu inaendelea kuonekana na kila mtu aliye karibu. Mwaka 2017 kasoro zilizoitwa BlueBorne ziligusa Linux na Android kwa pamoja, na mshambuliaji hakuhitaji hata kuoanisha. Zimezibwa zamani, kwa waliosasisha.

Kwenye njia ya kwenda chuoni kesho yake alinunua kebo mpya, ya nyaya nne. Ndivyo hata mimi ningefanya: yenye nyaya zote ingemaliza kazi ile ya dakika tisa kabla hajavuta kiti. Ukienda kununua yako sokoni, muuzaji akuruhusu uichomeke kwenye laptopu kwanza, na kama skrini ya simu haikuulizi unataka kuhamisha mafaili, mrudishie palepale.