Kuwasomea Wengine Wafu Wao

Huanza na neno moja lisilosomeka. Mtu yuko São Leopoldo, kusini mwa Brazili, mji ulioanza kupokea walowezi wa Kijerumani mwaka 1824. Mbele yake kuna picha ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo kutoka kijiji fulani cha Hessen. Jina la mtoto analiona, la baba analiona, lakini kazi ya baba imebaki michirizi ya wino. Anaomba msaada kwenye intaneti. Kabla jua halijazama kwake, mzee asiyemjua aliyeko Kassel, Ujerumani, amekwisha kumjibu: mfumaji wa kitani. Mama mmoja wa Milwaukee anaafiki, ila anasema tarehe imesomwa vibaya. Wa tatu anawakumbusha wote kwamba mchungaji aliyeandika hapa ni mgeni, maana mwandiko umebadilika kuanzia ukurasa wa nyuma. Wanabishana kwa adabu, wanakubaliana, wanaagana. Hakuna aliyelipwa, na huenda wasisemezane tena.

Mimi si Mjerumani, wala sina babu wa kumtafuta huko. Nilijifunza lugha yao ukubwani, nikazoea kupita na kuwatazama watu hawa kazini, kama mtu anavyosimama kibarazani kwa fundi cherehani bila nguo ya kushonesha, anatazama mkono tu. Watu wa namna hii wako maelfu, wengi wamestaafu, na ninaamini wanachofanya ni ufundi kamili wenye miiko yake, ingawa wao wenyewe hukiita kipitisha muda.

Mwandiko wanaopambana nao huitwa Kurrent. Ulitumika katika nchi za Kijerumani kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1941 serikali ya Wanazi ilipouondoa mashuleni na kuweka wa Kilatini mahali pake. Ndiyo maana Mjerumani wa leo mwenye shahada mbili anaweza kuishika barua ya babu wa babu yake na asiambulie hata mstari. Lugha ni ileile, mji ni uleule, na barua haisomeki. Herufi e imefanana na n. Herufi u hutofautiana na n kwa kiupinde kidogo tu kinachowekwa juu, na mchungaji mwenye haraka hukisahau. S ya katikati ya neno husimama wima ikajifanya f. Jina fupi la ukoo lenye e, n na u likifuatana linaweza kusomwa kwa njia nne, zote zinaingia akilini, na tatu zinampeleka mtu kwenye ukoo usio wake.

Msomaji hodari hapiti herufi moja moja. Kwanza hutafuta maneno ambayo hayana budi kuwepo: jina la mwezi, Johann, Maria, neno la kubatizwa. Kutoka hapo huchuma herufi anazoziamini, akajitungia alfabeti ya mtu mmoja tu, mchungaji wa kijiji kile kwa miaka ile. Akihamia kwa mchungaji mwingine, anaanza upya. Hivyo anayeleta kipande kilichokatwa chenye neno lake moja huambiwa alete ukurasa mzima. Mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali kidogo. Huambiwa pia aseme ni kijiji gani, mwaka gani, dhehebu gani, na aandike alichokisoma mwenyewe hata kama ni kidogo.

Juu ya hayo iko kanuni moja ambayo kwangu ndiyo kiini cha kazi yote: andika kilichoandikwa. Mchungaji akiandika Meier, na kaburi la mtu yuleyule linasema Meyer, unanakili Meier. Akikosea hesabu ya umri wa marehemu, unaliacha kosa lake lilivyo na kuweka maelezo yako pembeni. Pasiposomeka, unaweka nukta. Nimeona watu waliokaa na vitabu hivi miaka mingi wakirudisha sentensi yenye mapengo matatu, hali wangeweza kubuni na asingejua mtu. Kubuni ni kwepesi mno hapa, na mwombaji mwenyewe mara nyingi anatamani abuniwe. Anataka babu awe mwenye shamba. Ukurasa unasema kibarua wa kutwa. Kuna wanaokuja wakitafuta nembo za kikabaila, na hao huondoka mapema.

Lakini herufi ni nusu ya kazi. Kitabu kinaandika 7ber, na mgeni anadhani ni mwezi wa saba, kumbe ni Septemba, kwa kuwa jina la mwezi huo lilitokana na saba ya Kilatini. 8ber ni Oktoba, na X iliyofuatwa na ber ni Desemba. Wapo wachungaji walioandika siku za juma kwa alama za nyota, duara la jua likiwa Jumapili na hilali ikiwa Jumatatu. Wengine hawakuweka tarehe kabisa, waliandika tu Jumapili ya tatu baada ya Utatu, na msomaji anapaswa kujua Pasaka ya mwaka huo iliangukia lini. Tena nchi za Kikatoliki zilihamia kalenda mpya mwishoni mwa karne ya 16, za Kiprotestanti zikangoja hadi 1700, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 100 vijiji viwili vilivyosikiana kengele viliweza kupishana siku 10. Mtu angeweza kufa upande huu na kuzikwa upande wa pili kabla ya tarehe ya kifo chake.

Majina nayo yana visa vyao. Katika sehemu za Westfalen, jina lilikuwa la shamba kuliko la mtu: mwanamume akioa binti mrithi wa shamba, alichukua jina la shamba lile, na watoto wa baba mmoja wangeweza kuishia na majina tofauti. Huko Ostfriesland watu wengi walibeba jina la baba kwa mtindo tunaoujua vizuri sisi, mtoto akiitwa kwa jina lake na la mzazi wake, hadi utawala wa Napoleon ulipowalazimisha mwaka 1811 kuchagua jina la ukoo lisilobadilika. Na ndugu watano wangeweza wote kubatizwa Johann, kila mmoja akiitwa nyumbani kwa jina lake la pili. Mambo haya hayamo katika kitabu chenyewe. Yamo kichwani mwa mtu wa maeneo hayo, wa Münster au Aurich, aliyeishi nayo maisha yake yote, naye huyatoa bure.

Hapo ndipo umuhimu wa kijiji unapoonekana. Ujerumani kama dola moja ilizaliwa mwaka 1871 tu. Usajili wa serikali ulianza Prussia mwezi Oktoba 1874 na dola nzima Januari 1876. Kabla ya hapo, ukiacha maeneo kama yale ya magharibi ya Rhein yaliyowahi kutawaliwa na Wafaransa, kwa kawaida kuzaliwa, kuoa na kufa viliandikwa na parokia, na kila parokia na kabati lake. Mmarekani anayejua kwamba mababu zake walitoka Prussia hajaambiwa kitu, kwani Prussia ilinyooka kutoka mpaka wa Uholanzi hadi ndani ya Lituania ya leo. Akipata jina la mji, pengine ni Neustadt, na miji ya jina hilo ni mingi kupindukia.

Angeweza kutumaini orodha za meli. Za Hamburg zipo, kuanzia 1850. Za Bremen, bandari iliyopitisha mamilioni ya wahamiaji, ni msiba. Orodha za kuanzia 1875 hadi 1908 ziliharibiwa na ofisi iliyozitunza, kwa kukosa nafasi. Nyingine zilipotea katika Vita Kuu ya Pili. Zilizobaki ni orodha 2,953 za miaka ya 1920 hadi 1939: zilifichwa wakati wa vita katika mgodi wa chumvi huko Bernburg, zikachukuliwa na Wasovieti, zikaja kuonekana tena Moscow miongo kadhaa baadaye. Wanachama wa Die Maus, chama cha nasaba kilichoanzishwa Bremen mwaka 1924, ndio waliozinakili jina kwa jina, ili mjukuu aliyeko Buenos Aires atafute akiwa nyumbani kwake.

Kubwa kuliko hiyo ilikuwa kazi ya orodha za majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza. Jeshi la Ujerumani lilizichapa tangu Agosti 1914: waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa, wasiojulikana waliko. Aprili 1945 mabomu yaliteketeza hifadhi ya nyaraka za jeshi huko Potsdam, na faili za askari wa Prussia zikaisha karibu zote, kwa hiyo kwa watu wengi mstari ule mmoja wa orodha ndio alama pekee iliyobaki ya askari wao. Chama kinachoitwa Verein für Computergenealogie, kilichoanzishwa mwaka 1989, kiliziweka picha za kurasa zipatazo 31,000 mbele ya yeyote mwenye kompyuta na subira. Mamia ya watu walijitokeza. Kufikia 2014, miaka 100 baada ya vita kuanza, walikuwa wameandika zaidi ya maingizo milioni 8. Maandishi yalikuwa ya chapa, si ya mkono, lakini vijiji viliandikwa na makarani wa vitani kwa kusikia tu, na tangu mwishoni mwa 1916 vikosi havikutajwa tena. Kila kijiji kilichoharibika tahajia kilihitaji mtu anayekijua.

Halafu makaburi. Msomaji wa kwetu atastaajabu kusikia kwamba Ujerumani kaburi ni la kupanga. Familia hulipia muda, mara nyingi miaka 20 au 30, na mkataba ukiisha bila kulipiwa tena, jiwe huondolewa na mahali hupewa maiti mwingine. Makaburi ya karne moja nyuma ni nadra, isipokuwa ya Wayahudi, ambao dini yao hairuhusu kaburi kuvunjwa. Kwa hiyo kuna watu wanaokwenda makaburini Jumamosi na kamera, wanapita safu kwa safu, wanapiga picha kila jiwe na kuweka majina kwenye hazina ya wote. Hawatafuti ndugu zao. Wanawahi tu kabla lori la kubeba mawe halijafika.

Siwezi kuisifu kazi hii nikanyamazia miaka ya 1930. Aprili 1933 serikali ya Hitler ilidai watumishi wa umma wathibitishe asili ya mababu zao; baada ya sheria za Nürnberg za 1935, dai hilo liliingia karibu kila nyumba. Wachungaji na wasajili walizidiwa na maombi ya vyeti, watu wakatembea na kijitabu cha nasaba kilichopigwa mihuri. Vilisomwa vitabu vilevile, kwa ustadi uleule, na jina la bibi mmoja Myahudi lilitosha kumwondoa mtu kazini, na majina zaidi ya namna hiyo yaliweza kumwondoa nchini, kisha duniani. Tofauti ni nani anauliza, na anataka kufanya nini na jibu. Wanaojitolea leo wanalijua hili kuliko wanavyolisema. Baadhi yao wamo pia katika kazi ya hifadhi ya Arolsen, yenye nyaraka zinazogusa watu wapatao milioni 17.5 walioteswa, kutumikishwa au kufukuzwa na Wanazi. Tangu 2020 hifadhi hiyo inaomba watu wa dunia nzima wasaidie kuandika majina kutoka kadi za kambi.

Mipaka ya baada ya vita nayo imelazimisha ujirani. Vitabu vingi vya Schlesien, Pommern na Posen sasa vimo katika hifadhi za Poland. Tangu 2000 mradi wa Poznań, ulioanzishwa na Wapolandi, umekuwa ukiorodhesha ndoa za karne ya 19 za eneo la Posen, za Wakatoliki na za Waprotestanti, bila kuuliza bwana harusi alijiona wa taifa gani. Unahitajika mkono wa Mpolandi kumweleza Mjerumani kwamba Adalbert wa kitabu cha Kilatini ndiye Wojciech aliyemkosa kwa miaka.

Sisi wenyewe tuna sehemu ndogo ya deni hili. Faili za utawala wa Kijerumani zilizoko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina kurasa nyingi za mwandiko huohuo wa Kurrent, na ndani yake wamo maakida, majumbe na askari walioandikwa kama sikio la Mjerumani lilivyowasikia. Anayemtafuta babu yake humo atahitaji jirani wa yule mzee wa Kassel, na mzee atahitaji mtu wa Kilwa au Songea amwambie jina lile lilikuwa nani.

Siku hizi zipo programu zinazosoma Kurrent, kama Transkribus iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Innsbruck. Zina kasi ya ajabu, nazo zimewaondolea watu kazi ya kuchosha. Kasoro yake ni ujasiri: pale mzee angeweka nukta, mashine mara nyingi huweka neno. Kwa hiyo bado inahitaji mtu wa kuikagua, na kazi haipungui, kwa sababu sheria ya Ujerumani hufunga vitabu vya kuzaliwa kwa miaka 110, vya ndoa 80, vya vifo 30, na kila Januari mwaka mmoja zaidi hufunguliwa. Vya 1914 vimekwisha kutoka. Vinavyofuata ni vya watoto wa miaka ya vita, na baba za wengi wao tayari wana mstari katika yale maingizo milioni 8, pengine na kijiji kilichokosewa tahajia, ambacho sasa kitapata kusahihishwa.