Mzigo wa Neno "Kuingia"

Katika miongozo ya kompyuta inayofasiriwa siku hizi kwa matumizi ya ofisi, neno kuingia limebebeshwa mzigo usiolingana nalo. Mtumishi ataja jina lake: ameingia. Mashine yathibitisha kwamba ndiye: ameingia. Apewa idhini ya kazi fulani: ameingia vilevile. Kwa mwenye kompyuta moja mezani kosa hili ni dogo. Si dogo hata kidogo pale jukwaa la kusimamia kazi zijiendeshazo, mathalani lile la Ansible, linapounganishwa na saraka ya watumishi. Maana hapo shughuli hizo zimegawanywa kati ya mifumo miwili.

Tutoe mfano wa Nachingwea na Ruangwa, ambako wakulima wa korosho wameuzoea mfumo wa stakabadhi ghalani. Daftari la wanachama wa chama cha msingi lasema mkulima ni nani. Halisemi nani ashike ufunguo wa ghala. Hilo ni la uongozi. Mtunza ghala aweza kuliamini daftari hilo pasipo kuandika la kwake. Ndivyo ilivyo saraka. Itifaki ya kuisomea, iliyobuniwa na Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake na kutangazwa mwaka 1993, huuliza machache tu: mtu huyu yumo? nywila yake ndiyo hii? yu katika kundi gani? Jukwaa ndilo liamualo kwamba kundi hili laweza kuzima na kuwasha mashine mia kwa amri moja, na kundi lile litazame tu.

Sasa mfasiri aandika: "Mtumiaji aondolewe asiweze kuingia." Fundi wa halmashauri aondoe nini, na wapi? Akimtoa mtu kundini, nywila yake bado yakubaliwa. Akimfuta jukwaani na saraka ikabaki naye, jukwaa la namna hii huweza kumsajili upya siku ajapo tena. Hivyo mtumishi aliyehamishwa kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa aweza kubaki na mkono katika mitambo ya ofisi aliyoiacha, na fundi akaapa kwamba amefuata mwongozo neno kwa neno. Atakuwa amesema kweli.

Kwa maoni yetu yafaa tuandike kujitambulisha, kuthibitishwa na kuidhinishwa, kila neno mahali pake. Maneno yote matatu yamo tayari vinywani mwa watu. Hapana haja ya kuunda jipya. Kuingia libaki kwenye kitufe cha skrini, ambako halimdhuru mtu.

Neno saraka lenyewe hatuligombi, ijapokuwa lisiposomwa vizuri husikika kama sadaka. Daftari lingeeleweka upesi zaidi, lakini mwanafunzi angelidhani la mazoezi. Mwalimu alitumie daftari kuelezea, kisha aandike saraka ubaoni.