Nyumba ya Kwihara na Jina la Mgeni

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, Waislamu wengi wa Afrika Mashariki siku hizi husafiri kwenda kutazama miji ya watu. Anayerudi Umra hupitia Istanbul. Aliyekwenda Dubai kwa biashara huvuka hadi Doha kutazama Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu yaliyofunguliwa mwaka 2008. Vijana wanaosoma Ulaya hufika Cordoba na Granada. Hili ni jambo jema. Qur'ani imehimiza mahali pengi kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotangulia, kama ilivyo katika Surat al-An'am (6:11), al-Hajj (22:46) na ar-Rum (30:42). Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na mpaka leo tunanufaika na alichokiona kwa sababu alitazama kwa makini.

Lakini kutazama kuna adabu zake. Mtazamaji hana budi kujua nani amejenga, kwa jasho la nani, na nani anayemsimulia. Katika makala hii tutaipima adabu hiyo kwa athari iliyo karibu nasi, ambayo wengi waliofika Istanbul hawajaifikia: nyumba ya Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, katika njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji.

Nyumba na jina lake

Nyumba ile ni tembe: kuta nene za udongo, paa la bapa, na vyumba vinavyozunguka ua. Ujenzi wa tembe ni elimu ya watu wa bara, walioujua vyema udongo wao, jua lao na hatari zao. Milango ya kuchongwa ni sanaa iliyotoka pwani. Basi katika nyumba moja zimekutana elimu mbili, na anayependa usanifu wa majengo angetosheka kwa hilo peke yake.

Sasa tutazame jina. Nyumba hii inajulikana kuwa ni Tembe la Livingstone, na ni makumbusho kwa jina hilo. David Livingstone alifika Unyanyembe pamoja na Stanley mwezi Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, na Livingstone akabaki akingojea watu na vifaa, mpaka akaondoka tarehe 25 Agosti mwaka huo huo. Ni kama nusu mwaka. Mgeni alikaribishwa, akakirimiwa, akaenda zake. Nyumba ikabaki na jina lake.

Msomaji na alinganishe. Anayeingia msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa baina ya mwaka 1550 na 1557, huambiwa mara moja jina la Sinan, fundi aliyeusanifu, na jina la Sultani aliyeamuru ujengwe. Anayeingia Kwihara hukutana kwanza na majina ya Livingstone na Stanley. Fundi aliyeukanda ule udongo na aliyechonga ile milango hawana nafasi katika jina wala katika masimulizi yanayovuma.

Waliosahauliwa

Tuwe na insafu: Livingstone hakuiomba nyumba iitwe kwa jina lake. Makosa ni ya masimulizi, nayo yamewafuta watu wa aina tatu.

Kwanza ni wenyeji waliopokea wageni. Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliyewakirimu ni Snay bin Amir al-Harthi. Burton mwenyewe, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, alimtaja kuwa ni mtu aliyesoma sana na mwenye kumbukumbu ya ajabu. Stanley alipofika Kwihara Juni 1871, aliyempokea ni Said bin Salim al-Lamki, liwali wa Sultani wa Zanzibar.

Pili ni watawala wa Unyanyembe. Hakuna Mwarabu aliyeweka jiwe juu ya jiwe pale bila ridhaa ya mtemi. Fundikira aliwapa wafanyabiashara makao, na binti yake akaolewa na Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip.

Tatu ni wapagazi. Njia ile ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na mizigo yote ilikwenda kwa vichwa na mabega. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006, ameonesha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Na mwili wa Livingstone, aliyefariki mwaka 1873, ulibebwa na wafuasi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakapita nao Kwihara, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Mwaka 2006 huo huo Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa jina la biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Jina hilo ni la kweli, ila mpagazi aliyelipwa ujira wake hamo ndani yake.

Upande wetu

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kumlaumu mkoloni. Lakini Surat an-Nisaa (4:135) inatuamrisha kuwa mashahidi wa uadilifu hata kama ushahidi ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Miongoni mwetu wamo wanaozuru athari hizi wakasifu milango, wakasifu kuenea kwa dini, kisha wakanyamaza kuhusu waliopita njia ile na minyororo shingoni. Wengine husema watumwa wa Waislamu walitendewa wema. Jawabu la kifiqhi ni kwamba kabla ya kuuliza mtu alitendewaje, huulizwa kwanza alipatikanaje.

Asili ya mwanadamu katika fiqhi ni uhuru. Ahmad Baba wa Timbuktu aliandika risala mwaka 1615 kuhusu suala hili hili, akaeleza kwamba weusi wa ngozi si sababu ya utumwa, na akakataza kuwauza watu wa nchi zilizojulikana kwa Uislamu. Na iko hadithi qudsi katika Sahihi ya Bukhari yenye kutaja watu watatu ambao Allah (s.w.) atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyeahidi kwa jina Lake kisha akavunja, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyeajiri mtu akaichukua kazi yake yote asimlipe ujira. Tazama, ewe msomaji! Wawili katika hao watatu ndio mas'ala ya njia ya misafara: mateka aliyeuzwa na mpagazi aliyebeba.

Basi yaliyotendeka Manyema yapimwe kwa mizani hiyo. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake, wakafa mamia. Livingstone aliyashuhudia hayo kwa macho yake. Mwaka uliofuata alikuwa amekaa Kwihara, chini ya paa la watu wa biashara ile ile. Ushahidi wake haukataliwi kwa sababu si Mwislamu, wala haubatilishwi na ukarimu wa mwenye nyumba. Vita vya kuteka watu huru ili wauzwe havikuwa jihadi kwa madhehebu yoyote. Ilikuwa ni dhulma, na aliyeifanya haisafishwi na kanzu yake.

Katika njia hiyo hiyo alipita mtoto kutoka Manyema aliyefikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulayman al-Lamki. Akasoma, akawa mwanachuoni, akawa khalifa wa Qadiriyya ambaye watu wa pwani na bara walimfuata. Huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Wako wanaomtaja kama udhuru wa utumwa. Hiyo ni kiyasi mbovu. Yusuf (a.s.) naye aliuzwa kwa thamani duni, na hakuna mfasiri aliyewashukuru ndugu zake kwa kumtupa kisimani. Fadhila ni ya Allah, na juhudi ni ya mwanafunzi. Aliyemteka hana fungu ndani yake.

Lifanyike nini?

Rai yetu ni kwamba nyumba ile iitwe Tembe la Kwihara, na ndani yake yasimuliwe yote: udongo na waliojua kuujenga, mlango na sanaa ya pwani, liwali, mtemi, mpagazi, mateka, na mgeni Livingstone katika nafasi yake ya mgeni. Walimu wa madrasa za Tabora, Kigoma na Bagamoyo wawapeleke wanafunzi wao katika athari hizi, na somo la tarehe liende sambamba na mlango wa fiqhi wa ijara na wa kuacha huru watumwa, ili kijana ajue kwamba hukumu zile ziliwahusu watu waliopita katika ardhi anayoikanyaga.

Na wewe unayekwenda Cordoba: utasikitika, na una haki ya kusikitika, kuona msikiti ulioanzwa na Abdur-Rahman wa Kwanza mwaka 785 umekuwa kanisa tangu mwaka 1236. Utataka waliojenga watajwe. Haki hiyo unayoidai kwa waliojenga Cordoba, mpe pia Mnyamwezi aliyekanda udongo wa Kwihara, na Mmanyema aliyepitishwa hapo akiwa amefungwa. Anayedai insafu ugenini akainyima nyumbani hajatembea katika ardhi kwa mazingatio. Amebadilisha mandhari tu.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.