Pongezi kwa Walimu wa Mandhari

Nawapongeza kwa dhati walimu wa Nürtingen na Freising, Ujerumani, wanaoendesha pamoja shahada ya uzamili ya kimataifa ya usanifu wa mandhari. Wanafundisha kwa Kiingereza, na mlango umekuwa wazi kwa wageni.

Kinachonigusa zaidi ni bustani ya majaribio ya Weihenstephan, palepale Freising. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mtaalamu wa mimea Richard Hansen aliipanga mimea kwa makazi yake: kivulini, pembezoni mwa msitu, miambani, kandokando ya maji. Mmea uliopata mahali pake hauhitaji kubembelezwa. Kwangu, hilo ni somo kubwa kuliko kuchora. Mwanafunzi wa Mombasa atarudi kwenye mikoko na minazi, lakini jicho la kuitazama atakuwa nalo.