Paa, Jiwe na Kihenge

Nyumba ya nyasi ikitazamwa kutoka angani haina mlango wala ukuta. Ni doa la kijivu, la mviringo, na ubavuni mwake kuna doa jeusi ambalo ni kivuli chake. Hatua chache pembeni kuna doa dogo zaidi, nalo lina kivuli: hicho ni kihenge. La tatu ni pana, rangi ni ile ile, ila kivuli hakuna: hapo ni uwanja wa kupuria nafaka, au zizi lililohamwa zamani. Mchoraji wa ramani aliyezoea picha za mkoa wa Mara huyatenganisha madoa hayo bila kusita, na huanza na kivuli. Setilaiti nyingi za picha kali hupita mnamo saa nne na nusu asubuhi, jua likiwa bado upande wa mashariki, kwa hiyo vivuli hulala upande wa magharibi. Picha ikiwa ya Desemba, huvutwa kuelekea kaskazini. Ikiwa ya Juni, kuelekea kusini. Mwenye kulijua hilo anajua kipi kimesimama na kipi kimelala, na kilichosimama kina kimo gani.

Ufundi huu nausifu sasa kwa sababu wapo wanaodhani umekwisha kazi. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa bure michoro ya majengo karibu milioni 18 ya Tanzania na Uganda, yote imechorwa na kompyuta. Mwaka 2021 Google, kupitia watafiti wake wa Accra, Ghana, ikatoa michoro ya majengo zaidi ya milioni 500 ya bara la Afrika, kila mchoro ukiwa na namba inayoeleza kompyuta ina uhakika nao kiasi gani. Shirika la HOT, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likichora ramani za maeneo yenye maafa na uhitaji, nalo limetengeneza chombo kinachoitwa fAIr: unakionyesha mifano ya nyumba za kwenu ulizozichora kwa mkono, kinajifunza, kisha kinakupendekezea zilizobaki. Kwa asasi yenye watu watano na kompyuta mbili, inayohesabu bando kabla ya kufungua picha, hayo si mambo madogo. Eneo la kuchorwa kwa wiki nzima linaweza kuwa na rasimu kabla ya chai ya saa nne.

Ila ni rasimu. Na hapa ndipo mtu mwenye jicho anapoanza kuonekana.

Chukua kisa ambacho kina uzito wake. Tangu mwaka 2015 wachoraji wa kujitolea wa Crowd2Map Tanzania wamekuwa wakiviingiza vijiji vya Tanzania katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Mmoja wa washirika wao ni Hope for Girls and Women, asasi iliyoanzishwa na Rhobi Samwelly, ambayo inaendesha nyumba salama katika wilaya za Serengeti na Butiama kwa ajili ya wasichana wanaokimbia kukeketwa. Sheria ya mwaka 1998 imeharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini Desemba, shule zikifungwa, msimu hurudi pale pale. Simu inapigwa usiku: kuna msichana, yuko kitongoji fulani, shughuli ni alfajiri. Asasi na dawati la jinsia na watoto la polisi wanajua sheria, wanajua cha kufanya, na huenda gari lipo. Kinachotakiwa ni njia. Ukifungua ramani ya kawaida ya simu, mahali pale pameandikwa jina la wilaya na rangi ya kijani tupu.

Ndiyo maana kosa la ramani kule si aibu ya mchoraji peke yake.

Sasa mtazame mhakiki akiwa na rasimu ya kompyuta mbele yake. Eneo zima limegawanywa miraba, na yeye amefungua mmoja. Anapita juu yake polepole, kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo, na kila mstari anauuliza umetoka wapi. Mkoa wa Mara, na Mwanza pia, ni nchi ya mawe; jiwe kubwa lililoota peke yake shambani lina rangi ya paa kuukuu na lina kivuli kizuri kabisa. Kompyuta imeliita nyumba. Mhakiki anasogeza macho kulitafuta jambo moja tu: je, kuna njia inayoishia hapo? Nyumba inayokaliwa huchora njia yake yenyewe, kwa miguu ya watu, ya mbuzi na ya watoto wanaoteka maji. Jiwe halina wageni. Anafuta.

Mbele kidogo kuna bati jipya linalong'aa mpaka kingo zimeyeyuka kwenye mwanga, na kompyuta imechora kitu chenye pembe saba. Anabonyeza Q, pembe zinakaa sawa, nne. Nyumba ya msonge kompyuta imeipa umbo la mkate uliong'atwa. Anabonyeza O, linakuwa duara. Mapaa mawili yaliyokaribiana yameunganishwa kuwa jengo moja refu, naye anayatenga, kwa sababu anaijua miji ya watu wa huko na haoni sababu ya mtu kujenga bweni katikati ya shamba la mihogo. Chini ya mwembe kuna nyumba ambayo kompyuta haikuiona kabisa. Imejificha, imebaki ncha ya kivuli tu. Anaichora. Kila hatua ni ya sekunde chache, na hakuna hata moja inayofanana na iliyotangulia.

Kisha kuna suala la kupishana. Picha za siku mbili tofauti za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana kwa mita kadhaa, kwani setilaiti ilipiga kwa mshazari na kilima kimeivuta ardhi upande. Kompyuta huchora inachokiona, basi paa likiegemea upande mmoja kwenye picha, mchoro nao huegemea. Mhakiki mzuri huanza kwa kuipanga picha yenyewe, akifuata mstari ulioachwa na simu ya mtu aliyewahi kupita kwenye njia ile akiwa amewasha GPS. Baada ya hapo husukuma mchoro ukakae juu ya msingi wa nyumba. Ni kazi isiyoshukuriwa na mtu. Ukiifanya vizuri, hakuna atakayejua kwamba imefanywa.

Njia ndizo ninazozipenda zaidi. Wakati wa kiangazi, mto wa mchanga uliokauka hufanana sana na barabara ya vumbi: mweupe, mpana, unapinda. Bodaboda aliyeelekezwa humo usiku ana kesi. Mchoraji mzoefu hutazama upana: barabara haibadilishi upana ovyo, mto hutanuka na kubanwa. Hutazama miti, maana mto hufuatana na miti ya kijani pande zote mbili hata mbuga nzima ikiwa ya kahawia. Hutazama vijito vinavyoingia kwa pembe kali, vyote vikielekea upande mmoja, bondeni. Njia ya watu haina habari na bonde. Inakwenda kwenye milango, kwenye kisima, kwenye mashine ya kusaga. Haya hakuyapata kwenye kitabu cha maelekezo. Ameyapata kwa kukaa na picha nyingi na kwa kusahihishwa.

Kusahihishwa kwenyewe kuna adabu yake. Katika utaratibu wa HOT, mtu mmoja huchora mraba na mwingine huuhakiki, na mhakiki akiona kasoro humwandikia mchoraji. Wengi wa wachoraji ni wanafunzi, wakiwemo wa vikundi vya YouthMappers vya vyuoni, na maandishi ya mhakiki mkali asiye na subira humfukuza kijana siku ya kwanza. Aliye fundi humwambia kwanza alichopatia, humwonyesha nyumba moja iliyokaa vibaya, moja tu, kisha humwomba azitafute zinazofanana nayo. Kijana huyo baadaye ndiye atakayeichekecha rasimu ya kompyuta, na kama hakufundishwa kuona, atabonyeza kukubali, kukubali, kukubali, mpaka mawe yote ya wilaya yapate anwani.

Tukumbuke pia kwamba kompyuta hizi zilifundishwa na mikono ya watu. Mwaka 2018 yaliandaliwa mashindano ya kufundisha akili mnemba kutambua majengo ya Zanzibar, kwa picha za ndege nyuki zilizopigwa katika mradi wa kuchora ramani ya visiwa hivyo. Majengo yaligawanywa makundi matatu: yaliyokamilika, yasiyokamilika, na misingi mitupu. Mgawanyo huo unanifurahisha kila nikiufikiria, kwa kuwa aliyeupanga alielewa tunavyojenga. Huku kwetu nyumba hujengwa kwa awamu, kwa kadiri mshahara na mavuno yanavyoruhusu. Msingi unaweza kuota majani miaka kumi na mwenyewe bado anauita nyumba yangu. Pagale lililoota mpapai sebuleni ni jengo, si jengo? Kabla mashine haijajibu, ilibidi watu wakae, wakubaliane, wachore mfano baada ya mfano.

Najua asasi nyingi zinatumia akili mnemba kwa jambo jingine kabisa: kuandika ripoti za wafadhili kwa Kiingereza kilichonyooka. Sina ugomvi na hilo. Lakini sijaona ripoti ya namna hiyo iliyonifanya nimtamani mwandishi wake. Kazi ya ramani inanifanya nitamani, kwa sababu chombo kinapoishia panaonekana wazi.

Kinaishia kwenye majina. Hakuna setilaiti iliyowahi kuona jina la kitongoji. Hapo simu janja inatiwa mfukoni, mtu anapanda bodaboda, anakwenda kwa mtendaji wa kijiji kujitambulisha, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa balozi, na anauliza. Mara nyingi hupata majina mawili: lililo kwenye karatasi za serikali na lile ambalo watu hulitumia. OpenStreetMap ina nafasi ya yote mawili, na fundi huyajaza yote mawili, maana msichana anayepiga simu usiku hatataja jina la kwenye karatasi. Huuliza pia kinachoonekana: kanisa, mashine ya kusaga, mti wa mikutano. Husikiliza jina linavyotamkwa, huliandika, humwonyesha mzee, huambiwa hapana, hufuta, huandika tena.

Na kuna majina ambayo fundi hayaandiki kabisa. Wachoraji wa OpenStreetMap wana desturi ya kutoonyesha makimbilio ya wanawake na wasichana waliotoroka ukatili. Kompyuta imechora paa la nyumba hiyo sawa na mapaa mengine yote ya mtaa. Haijui na haina njia ya kujua. Mhakiki anajua. Analiacha paa kama lilivyo, bila jina wala alama, na anapita kwenda mraba unaofuata. Huo, kwangu, ndio upeo wa ufundi huu, na ndiyo sababu asasi ndogo inayopata pesa za kununua kompyuta yenye nguvu ingefanya vema itenge kwanza posho ya mtu huyu.

Ukiwa na simu na bando kidogo, fungua openstreetmap.org utafute kitongoji ulichozaliwa. Yawezekana utayakuta mapaa yote, yakiwemo ya kwenu, na pasiwe na jina hata moja. Kujiandikisha ni bure. Kabla hujaandika chochote, mpigie simu mzee wa huko akwambie jina linavyotamkwa.