Ufundi wa Kupanda Mikoko Gazi

Mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado mtini. Hurefuka kutoka kwenye tunda ikining'inia kama mkuki wa kijani, na ikikomaa huachana na mti yenyewe. Katika kijiji cha Gazi, Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, mpandaji mzoefu haangalii urefu wake. Huangalia shingo. Pale mbegu inapoungana na tunda, pete ya manjano ikishajitokeza, huishika kwa vidole viwili na kuivuta taratibu. Iliyokomaa hutoka bila kubishana. Isiyo na pete huachwa mtini. Iliyotobolewa na wadudu au kutafunwa na kaa hutupwa, hata ikiwa ndefu na nzuri kiasi gani.

Kisha maji yakipwa, watu huingia topeni. Mbegu hudidimizwa ncha chini, chipukizi juu, kadiri ya theluthi ya urefu wake. Ikizidi kina, chipukizi hubaki karibu mno na tope. Ikipungua, maji yakijaa huing'oa na kwenda nayo. Aliyezoea hasimami kupima: tope lenyewe humwambia kiganjani pa kuachia. Hatua moja, mbegu moja, mstari baada ya mstari, migongo imeinama, na saa za kufanya kazi ni zile tu ambazo bahari imeruhusu.

Lakini mkono huo unatanguliwa na jicho, maana kila mti una mahali pake. Mlilana hukaa mbele kabisa, uso kwa uso na mawimbi. Mkoko wenye mizizi ya magongo hufuata kwenye tope zito. Muia na mkandaa husogea nyuma, na mchu, mvumilivu wa chumvi kuliko wote, huweza kuishi hata kule juu kunakofikiwa na bamvua peke yake. Pwani nyingi duniani zimepandwa maelfu ya miche kwenye tope tupu ambako mikoko haikuwahi kuota, kwa sababu tu hapo ndipo palipokuwa wazi, na miche ikafa. Anayejua kazi huuliza kwanza: hapa paliota nini zamani, na maji hufika mara ngapi?

Gazi ililijua swali hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwandani. Mahali palipofyekwa kabisa palibaki upara, kwani miti mama ya kuangusha mbegu ilikuwa imeondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu James Kairo, wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, alianza majaribio ya kupanda upya pamoja na wanakijiji. Leo, palipokuwa upara pana msitu ambao mtu hupenya kwa kuinama chini ya mizizi.

Mwaka 2013 Gazi na jirani yake Makongeni walianza kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu wao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Mradi huo unalinda hekta 117, na mauzo yake ni kama tani 3,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya hewa hiyo imelala topeni, ambako oksijeni ni haba na mabaki ya mizizi huchukua muda mrefu mno kuoza. Ndiyo maana kukata mkoko kunaharibu kuliko jicho linavyoona.

Hapa tena ufundi unarudi, safari hii mkononi mwa anayepima miti ili hewa hiyo ihesabiwe. Mti wa kawaida hupimwa unene mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko hauwezi kupimwa hivyo, kwa kuwa penye kimo hicho mara nyingi pana mizizi badala ya shina. Basi mpimaji huutafuta mzizi wa juu kabisa, hupanda sentimita 30 juu yake, ndipo huzungusha utepe. Akikosea mti mmoja, hesabu ya kijiji inayumba. Napenda sana uangalifu huu, kwa sababu fedha za mauzo hayo, zinazolipia maji ya bomba na vitabu vya shule, zinaanzia kwenye utepe huo.

Na kwa kuwa watu bado wanahitaji kuni na miti ya kujengea, mivinje imepandwa nchi kavu ili shoka lipate pa kwenda. Hiyo ndiyo busara ninayoiheshimu kuliko zote. Kumkataza mtu boriti bila kumwonyesha nyingine ni kumfundisha kukata usiku.

Mwaka 2017 Mikoko Pamoja ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, ikazindua mradi wa aina hiyohiyo kwenye msitu mkubwa zaidi. Wengine watafuata, na wafuate. Ila wasianze na bei ya tani. Waanze na pete ya manjano, na kupwa na kujaa kwa maji, na kikao cha kijiji cha kukubaliana shoka liende wapi. Soko la hewa ukaa linaweza kupanda na kushuka. Kijiji kinachojua kuchagua mbegu kitakuwa na msitu bei ikiwa yoyote.